Chanjo Iliyotangulia Chipu: Kisa cha Popi, Mbwa wa Tabata Aliyehamia Münster

Jumatatu ya tarehe 26 Agosti 2024 walikuja kliniki kwetu Dar es Salaam, baba, mama na watoto wawili, pamoja na mbwa wa kahawia ambaye sikio lake moja limesimama na jingine limelala. Jina lake Popi. Mama alikuwa ameikumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba hati ya kiwanja. "Dokta, sisi tumefuata cheti cha safari tu," akasema. "Mengine yote yako tayari."

Nikapitisha mabegani mwa Popi kisomeo cha chipu, kile kidude chenye namba ya utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi, namba zote 15 zikatokea. Nikafungua bahasha. Chanjo ya kichaa cha mbwa: 16 Machi 2024. Kuwekwa chipu: 4 Mei 2024. Damu ya kupima kingamwili ilitolewa siku hiyohiyo ya 4 Mei, ikapelekwa maabara ya Ulaya, na majibu yalisema 2.1, wakati kiwango kinachotakiwa ni kuanzia uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Kwa macho ya mzazi yeyote yale yalikuwa majibu ya kufaulu. Mimi niliyasoma mara ya pili, kisha mara ya tatu, nikitafuta njia ya kuyaokoa, nikaikosa. Chanjo ilikuwa imetangulia chipu kwa siku 49. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mbwa aliyesimama mbele yangu alikuwa hajachanjwa, na kama hajachanjwa, hata kile kipimo hakikuwa na maana.

Tiketi ya mama na Popi, ya safari ya Münster, Ujerumani, ilikuwa ya tarehe 28 Septemba. Zilibaki siku 33.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia, kwa sababu kosa lenyewe nimeliona kwa wateja wengine pia, na kila mara linawakuta watu wenye bidii. Mzembe hafiki hata kwenye kipimo cha damu. Hawa walikuwa wameanza miezi sita kabla, wamelipa kila kilichotakiwa, wametunza kila risiti. Kilichowaangusha ni mpangilio.

Nianze na sababu ya kanuni yenyewe, maana ukiielewa hutaisahau. Kadi ya chanjo ya Popi ya mwezi Machi ilisema: mbwa dume, kahawia, miaka minne. Tabata peke yake kuna mbwa wangapi wa namna hiyo? Afisa wa mpakani Ulaya hamjui Popi. Hana njia ya kuamini kwamba mbwa aliyechomwa sindano Machi ndiye huyu aliye mbele yake, ila kwa kitu kimoja: namba iliyo chini ya ngozi, iliyosomwa kwanza, kisha ikaandikwa kwenye kadi siku ya chanjo. Chipu ikitangulia, au ikiwekwa siku ileile, chanjo ina mwenyewe. Chipu ikifuata, chanjo ile ni ya mbwa fulani wa kahawia. Ndiyo maana daktari makini huanza na kisomeo kabla hajashika sindano, hata kama mbwa ni wa jirani yake na anamfahamu tangu akiwa mtoto.

Kipimo cha kingamwili kinasimama juu ya chanjo hiyo. Mnyama akitoka kwenye nchi ambazo Ulaya haijaziweka kwenye orodha yake ya nchi zenye hali nzuri ya kichaa cha mbwa, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote hazimo, hatua zinakwenda hivi: chipu, chanjo, mnyama akiwa amefikisha angalau wiki 12, damu itolewe siku zisizopungua 30 baada ya chanjo na ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, majibu yafike 0.5, halafu miezi mitatu kamili ihesabiwe kuanzia siku damu ilipotolewa. Paka naye hupita njia hiyohiyo.

Hiyo miezi mitatu ndiyo watu wanaichukia kuliko yote, na baba yake Popi aliichukia waziwazi. "Majibu si yanaonyesha ana kinga? Sasa tunasubiri nini?" Swali zuri. Jibu lake ni kwamba virusi vya kichaa cha mbwa vina tabia ya kujificha. Mbwa akiumwa na mwenye ugonjwa, virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi kabla dalili kuonekana. Kwa hiyo mbwa anaweza kuumwa leo, akachanjwa wiki ijayo, damu yake ikatoa kingamwili nzuri kabisa, na bado ugonjwa ukawa njiani ndani ya mwili wake. Damu haiwezi kukwambia hilo. Muda ndio unaosema. Mbwa akikaa miezi mitatu baada ya damu bila dalili, hatari hiyo imepungua sana.

Na hapa niseme jambo kwa uzito wake. Ugonjwa huu ukishatoa dalili kwa binadamu hauna tiba. Karibu kila mgonjwa hufa. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni vifo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote kutokana na kuumwa na mbwa, na vingi Afrika na Asia. Wanaoumwa zaidi ni watoto. Sisi tunaoishi nao huwa tunasahau kwamba Uingereza iliwahi kuwafungia mbwa wote wa kigeni miezi sita kamili karantini, na ni mwaka 2000 tu ilipoanza kuilegeza amri hiyo kwa wanyama wenye chipu, chanjo na kipimo. Kusubiri nyumbani baada ya kipimo ndiko kulikochukua nafasi ya kizuizi kile. Mimi huwa nawaambia wateja wangu kwamba mbwa wao anasubiri nyumbani, kitandani kwake, badala ya kusubiri kwenye kibanda cha chuma ugenini.

Sasa turudi kwenye chumba changu siku ile. Palikuwa kimya. Kijana wao wa darasa la nne alikuwa amekaa sakafuni, mkono juu ya mgongo wa Popi. Baba akawaambia watoto wakanunue maji nje, na walipotoka akasema kwa sauti ya chini: "Dokta, tuombane. Si tuandike tu kwamba chipu iliwekwa Machi? Mbwa ni huyuhuyu. Chanjo amepata kweli. Hatumdanganyi mtu."

Sikumkasirikia. Alikuwa anasema kweli kuhusu mbwa wake. Lakini nilimweleza kinachotokea karatasi zikigunduliwa. Mnyama asiyetimiza masharti akifika mpaka wa Ulaya kuna njia tatu: kurudishwa alikotoka, kuwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe mpaka atimize masharti, au, pale ambapo hizo mbili haziwezekani, kuuawa. Na kugundulika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu fomu ya maabara ya Mei ilikuwa na tarehe, stakabadhi ya chipu ilikuwa na tarehe, na chipu yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa tarehe. Ingebidi kughushi karatasi tatu. Juu ya yote, mimi nikishaandika tarehe ya uongo kwenye cheti kimoja, cheti changu cha kesho cha mbwa mwingine kina thamani gani?

Mama alinyamaza muda wote. Mwishoni akauliza swali moja tu: "Tukianza leo, lini?"

Hapo nikachukua kalenda ya ukutani. Chanjo leo, 26 Agosti, chipu ikiwa tayari imesomwa. Siku 30 zinaisha 25 Septemba. Sipendi kutoa damu siku ya mwisho kabisa ya hesabu, kwa kuwa anayehesabu upande wa pili anaweza kutofautiana nami kwa siku moja, na siku moja inatosha kuharibu kila kitu. Tukaweka Jumatatu, 30 Septemba. Kuanza Jumatatu kuna faida nyingine: sampuli inapata wiki nzima ya kazi kusafiri, haikai ghala la uwanja wa ndege Jumamosi na Jumapili. Miezi mitatu kutoka hapo ni 30 Desemba. Kwa hiyo mlango unafunguka mwanzoni mwa Januari 2025.

Mama hakuweza kusogeza safari; masomo yake ya uzamivu Münster yalikuwa yanaanza Oktoba. Kilichomwokoa Popi ni ratiba ya shule. Kijana alikuwa na mtihani wa upimaji wa darasa la nne mwezi Oktoba, na tangu mwanzo ilipangwa kuwa baba na watoto wangebaki mpaka shule zifungwe Desemba, wamfuate mama Januari. Popi angesafiri na hao. Kama familia nzima ingekuwa inaondoka Septemba, nina hakika leo ningekuwa naandika habari ya mbwa aliyeachwa kwa shangazi, na nimeona mbwa wengi walioachwa kwa shangazi. Wengine hukataa kula wiki nzima.

Lakini kubadilisha msindikizaji kulizaa tatizo ambalo wao wala hawakuliwaza. Karatasi zote za Popi zilikuwa na jina la mama. Mbwa anahesabiwa kuwa mnyama wa familia, asiyesafirishwa kibiashara, pale tu anapoingia Ulaya na mwenyewe, au na mtu aliyepewa idhini na mwenyewe kwa maandishi, na katika hali hiyo ya pili mwenyewe anatakiwa naye awe anasafiri ndani ya siku tano kabla au baada ya mnyama. Mama angekuwa ameondoka miezi mitatu na nusu kabla. Popi angeingia kwenye kundi la wanyama wa biashara, lenye masharti mengine kabisa. Ufumbuzi ulikuwa wa kweli na mwepesi: mbwa ni wa nyumba nzima, basi tangu siku ile ya Agosti baba akaandikwa kuwa mmiliki kwenye usajili wa chipu, kadi mpya ya chanjo, fomu ya maabara na kila kilichofuata. Anayesafiri na mnyama ndiye aandikwe, tangu mwanzo.

Tukamchanja Popi palepale. Kijana ndiye aliyemshika kichwa. Nikasoma chipu kwanza, kwa sauti, namba moja moja, na binti mkubwa akafuatilia kwenye stika. Ile stika yenye msimbo wa mistari inayokuja na chipu ni kitu kidogo chenye thamani kubwa: ibandike kila mahali panapokubali kubandikwa. Tulipoifungua tena ile bahasha niligundua kwamba fomu ya maabara ya Mei ilikuwa imeandikwa kwa mkono, na tarakimu mbili za katikati, 4 na 7, zilikuwa zimepishana. Hata kama tarehe zingekuwa sawa, yale majibu ya 2.1 yalikuwa ya mbwa mwenye namba ambayo Popi hana. Mama alikaa chini alipoona hilo. Kwa kweli nami nilikaa.

Mama aliondoka tarehe 28 Septemba peke yake. Siku mbili baadaye tulitoa damu, tukaizungusha kwenye mashine kutenganisha seramu, yaani maji ya damu, tukaifunga kwenye boksi la baridi, ikaenda Ujerumani. Katikati ya Oktoba majibu yalifika: zaidi ya 5. Sikushangaa, mwili uliokwisha kuchanjwa Machi ulikuwa na kumbukumbu, na sindano ya Agosti ikaiamsha. Mbwa anayechanjwa mara ya kwanza kabisa maishani mwake ndiye anayenitia wasiwasi, maana mara nyingine kingamwili zake hupanda kidogo na kushuka haraka, na akikosa 0.5 inabidi achanjwe tena na safari ianze upya. Kwa mbwa wa namna hiyo napenda kutoa chanjo mbili zilizopishana kwa wiki chache kabla ya damu, baada ya chipu.

Kuna rafiki wa familia aliyewachanganya sana kipindi hiki. Aliwaambia yeye alirudi Ufaransa na mbwa wake bila kusubiri hata wiki moja. Ilikuwa kweli. Mbwa wake alikuwa ametoka Ulaya na pasipoti ya wanyama ya huko, na kipimo chake kilikwisha kufanywa na kuandikwa humo kabla hajaondoka, na chanjo haikuwahi kukatika. Mbwa wa namna hiyo hasubiri miezi mitatu. Popi hakuwahi kuliona bara hilo. Ushauri wa rafiki unaweza kuwa wa kweli kwa mbwa wake na ukamwangamiza wa kwako.

Ile miezi ya kusubiri haikupotea bure, na ndiyo sehemu ya kisa hiki ninayoipenda. Septemba, Popi angepakiwa kwenye kasha ambalo hajawahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Sasa alikuwa na muda.

Kasha lenyewe lilitupa shughuli. Baba alikwenda Keko kwa mafundi samani, akarudi na kasha zuri la mbao, kazi safi, bawaba za shaba. Tukampima Popi kwa kanuni za shirika la mashirika ya ndege, IATA. Kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia: sentimita 70. Kutoka chini hadi kiwiko cha mguu wa mbele: 32. Upana wa mabega: 19. Urefu wa kwenda juu akisimama, mpaka ncha ya lile sikio lililosimama: 62. Urefu wa kasha ni kipimo cha kwanza ukijumlisha nusu ya cha pili, yaani 86. Upana ni mabega mara mbili, 38. Kwenda juu ni 62 na unene wa tandiko. Kasha la Keko lilikuwa na 58 kwenda juu; fundi alipima sikio lililolala. Pia fremu yake ilikuwa ya mbao nene mbichi, na mbao za namna hiyo zikivuka mipaka zinatakiwa kuwa zimechomwa joto na kupigwa muhuri wa kimataifa dhidi ya wadudu. Muhuri haukuwepo. Kasha lile sasa linahifadhi vitabu. Wakanunua la plastiki ngumu kwa familia ya wageni iliyokuwa imemaliza mkataba na kuondoka; kila mwaka kuna wanaoyauza, na bei huwa nafuu. Tulilipeleka kwa fundi akabadilisha vibanio vya plastiki kwa boliti za chuma, akaondoa magurudumu, tukafunga vyombo viwili vya maji mlangoni kwa namna ambayo mtu wa nje anaweza kujaza bila kufungua.

Wiki ya kwanza kasha lilikaa sebuleni bila mlango, blanketi la zamani la kijana likiwa ndani. Chakula cha Popi kiliwekwa mlangoni, kesho yake hatua moja ndani, keshokutwa mwisho kabisa. Hakulazimishwa hata siku moja. Wiki ya tatu mlango ukarudishwa, ukawa unafungwa anapokula na kufunguliwa anapomaliza. Mwanzoni mwa Novemba alikuwa analala humo kwa hiari, na kijana akawa anatandika mkeka wake kando. Kisha yakaja mazoezi ya kelele: kasha likawekwa uani jenereta ya jirani inapowashwa, halafu nyuma ya gari dogo la mizigo, Tabata hadi Buguruni na kurudi, halafu mpaka Kibaha. Mara ya kwanza alitapika. Mara ya tano alisinzia.

Baba aliniomba dawa ya usingizi kwa ajili ya ndege. Karibu kila mteja huomba, kwa huruma kabisa. Huwa nakataa. Dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mbwa kujisawazisha na kurekebisha joto lake, na angani hakuna mtu wa kumwangalia. Mashirika mengi ya ndege hukataa kumpakia mnyama aliyeleweshwa. Zoezi la kasha ndilo linalofanya kazi ambayo watu wanaitafuta kwenye sindano.

Nilimpima pia Popi magonjwa ya kupe. Hakuna sharti la Ulaya linalodai hilo, lakini mbwa wetu wengi wa pwani hubeba vijidudu vya Ehrlichia vinavyoenezwa na kupe wa kahawia, wakawa wazima machoni mpaka mwili upate msukosuko. Safari na baridi ni msukosuko. Alikutwa navyo. Tukamtibu wiki nne kwa doksisaiklini, na nina furaha kwamba hakupelekwa Septemba.

Desemba ilikuwa ya karatasi. Kibali cha kutoa mnyama nchini kinatoka Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na cheti cha afya cha Ulaya lazima kitolewe au kuidhinishwa na daktari wa mifugo wa serikali. Sahihi ya daktari wa kliniki binafsi kama mimi haitoshi. Cheti hicho kinatolewa ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili, kwa hiyo hakuna ujanja wa kukiwahi. Baba alikuja na fomu aliyoichapa mwenyewe, ya Kijerumani na Kiingereza, kwa kuwa wanakwenda Ujerumani. Nikamuuliza ndege inatua wapi kwanza. Amsterdam. Basi fomu iwe ya Kiholanzi na Kiingereza, kwa maana lugha ya cheti hufuata nchi ya kuingilia. Muhuri na sahihi navyo viwe na rangi tofauti na ya maandishi yaliyochapwa; kwa fomu nyeusi tulitumia wino wa bluu. Hayo yanaonekana madogo mpaka uwe umesimama dirishani saa kumi na mbili asubuhi na watoto wawili wenye usingizi.

Wangekuwa wanakwenda kwingine, hesabu ingebadilika. Uingereza inawapokea mbwa wanaoingia kwa ndege kama shehena rasmi tu. Finland, Ireland, Malta na Norway hudai mbwa apewe dawa ya minyoo ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa wa chini ya miezi sita, na aliyechanjwa kwenye nchi zenye hatari kubwa kama zetu huingilia viwanja vichache maalumu tu. Ila mlolongo wa chipu kwanza hauna hasara popote.

Cheti cha Popi kilitolewa Jumatatu, 6 Januari 2025. Ijumaa ya tarehe 10 usiku waliondoka Dar es Salaam. Kwa makusudi walichagua ndege ya usiku isiyobadilisha njiani: joto la Januari juu ya lami ya uwanja mchana lingeweza kumdhuru mbwa kuliko saa zote za angani. Alikula mlo mdogo saa sita kabla, akatembezwa mpaka dakika ya mwisho, na chombo kimoja cha maji kilikuwa kimegandishwa ili kisimwagike wakati wa kupakia na kiyeyuke taratibu. Blanketi lilikuwa lilelile, halikufuliwa wiki nzima. Kijana aliandika kwa kalamu kubwa ubavuni mwa kasha: POPI. Nilimwongezea chini yake namba ya simu ya baba.

Amsterdam walipita mlango mwekundu wa forodha, kama nilivyowasisitiza, maana anayepita wa kijani na mnyama anahesabiwa hakumtangaza kwa forodha. Ofisa alisoma chipu kabla ya kugusa karatasi yoyote. Akalinganisha namba, kisha tarehe, kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwa maelezo ya baba ilichukua dakika kumi hivi. Nje mama alikuwa anasubiri na gari la kukodi, na kikoti cha mbwa, kwa sababu Popi ana manyoya mafupi na alitoka kwenye nyuzi 32.

Münster nako kulikuwa na yake. Iko kwenye jimbo la Nordrhein-Westfalen, ambako mbwa yeyote mwenye urefu wa begani kuanzia sentimita 40 au uzito kuanzia kilo 20 huitwa mbwa mkubwa kisheria. Popi ana kilo 19 lakini begani anafika 50, kwa hiyo ilibidi asajiliwe mjini, akatiwe bima ya madhara kwa watu wengine, na mmiliki aonyeshe kwamba ana ujuzi wa kumtunza. Juu yake kuna kodi ya mbwa. Mama alikuwa ameshayashughulikia hayo kuanzia Oktoba, na mkataba wa nyumba ulitaja mbwa kwa maandishi.

Jambo moja lilibaki kwenye kalenda yangu. Kipimo cha kingamwili hakihitaji kurudiwa maisha yote, mradi chanjo ya marudio itolewe kabla ile iliyopo haijaisha. Ikichelewa hata siku moja, mnyororo wote unakatika. Ya Popi ilikuwa inaisha Agosti 2025. Nilimwandikia mama mwishoni mwa Julai kumkumbusha, akanijibu siku hiyohiyo kwa picha: pasipoti ya bluu ya wanyama, ukurasa wa chanjo, tayari umepigwa muhuri. Chini yake aliandika, "Dokta, daktari wa huku alipochukua sindano nilimshika mkono. Nikamwambia asome chipu kwanza."